Staa, Kyela Mtandao Ulikuwepo. Simu Ndiyo Hukupiga

Haya wadau, ile video mmeshaiona. Na kama hujaiona, kuna mtu atakutumia kabla hujamaliza kusoma hapa.

Staa wetu mmoja wa filamu (jina tunalo, linabaki kapuni kwa sababu mdogo wake aliyekuwa anaumwa hakuomba kuwa habari) yuko ufukweni Matema usiku wa manane. Wigi limekaa upande, analia kweli, si yale machozi ya kwenye tamthilia. Anasema: "Nimepiga simu zaidi ya mara kumi, hakuna msaada. Mdogo wangu anakata pumzi huku. Hii nchi itatuua." Video haifiki hata dakika moja. Kulipokucha komenti zilikuwa zimejaa: Kyela hakuna mtandao, Kyela hakuna ambulensi, Kyela hakuna serikali, mastaa msiende kula bata porini. Kuna mmoja akaandika kwamba Wanyakyusa tumemroga. Sawa.

Mimi ni mtoto wa Ipinda, kwa hiyo sikuweza kukaa kimya. Nikapiga simu nyumbani. Watu wawili waliokuwepo usiku ule wamenisimulia, na simulizi zao zinafanana. Nitasema ninachofikiri, halafu mkitaka kunitukana mnitukane, nimeshazoea.

Swali langu la kwanza ni dogo tu. Kama Matema hapakuwa na mtandao, ile video ilipandaje?

Fikirieni jamani. Video ya sauti na picha inakula bando kuliko simu ya kawaida kwa mbali sana. Mtu aliyeweza kwenda laivu saa nane usiku akiwa ufukweni Ziwa Nyasa hakukosa mnara. Alikosa kitu kingine.

Ilikuwa hivi. Dada yetu alikuwa ametoka Dubai moja kwa moja, akapumzika Dar siku moja, akaunga Mbeya, Tukuyu, mpaka Matema. Mkononi ana simu moja, ile ya bei mbaya. Laini yake ya Tanzania ameiacha Dar kwa meneja, kwa sababu ndiyo ya kazi, ndiyo yenye miamala, na yeye alikuja kupumzika. Kwenye ile simu ana eSIM ya wasafiri, zile unazonunua mtandaoni kwa kadi ya benki, zinafanya kazi nchi nyingi. Zinakupa intaneti tu. Namba ya kupigia huna, namba ya kupigiwa huna. Ila WhatsApp inafanya kazi kama kawaida, kwa hiyo mtu anajiona ana simu.

Mdogo wake ana pumu. Inhela ilikuwa imeisha tangu njiani, nadhani lile vumbi la safari na baridi la Tukuyu vilichangia, lakini mimi si daktari. Kwenye saa saba na nusu usiku kifua kikambana. Dada mtu akashika simu.

Akampigia meneja kwa WhatsApp. Meneja kalala, na Dar usiku ule simu yake ilikuwa imezimwa data. Kwa WhatsApp hapo huna mtu, inaita upande wako tu. Akapiga tena, na tena. Akampigia rafiki yake mwingine, naye hivyo hivyo. Akampigia dada yao mkubwa aliyeko London. Huyo akapokea. Na huyo, kwa mapenzi yote ya dada kwa mdogo wake, akafanya kile ambacho mtu wa London amefundishwa kufanya tangu siku ya kwanza: akapiga 999.

Mnacheka? Mimi sikucheka. Aliyepokea London akamwuliza, kama wanavyouliza siku zote, mgonjwa yuko wapi. Akasema Matema. Wakaanza kutafuta Matema.

Huku nyuma staa wetu akawa anaandika 112 ndani ya WhatsApp, kwenye kile kisehemu cha kutafuta majina. Haikuleta kitu. Akajua mtandao umekufa. Ndipo akaenda laivu.

Sasa naomba mnisikilize hapa, maana ndiyo sababu ya kuandika. Simu ya WhatsApp si simu. Inaitwa simu, inalia kama simu, unaweka sikioni kama simu, lakini ni ujumbe wa sauti unaopita kwenye intaneti kutoka programu hadi programu. Haina mlango wa kutokea kwenda polisi wala zimamoto wala hospitali. Na si kwamba wametuficha. Kwenye masharti yao, yale tunayobonyeza "Nakubali" bila kusoma, wenyewe wameandika kwamba huduma yao haikufikishi kwa watoa huduma za dharura, uhakikishe una njia nyingine ya kuwapata. Skype nayo enzi zake ilikuwa inaonya hivyo hivyo, isitumike badala ya simu kwenye dharura.

Sababu yake ni rahisi kuielewa hata kwa mtu kama mimi niliyefeli fizikia. Ukipiga namba ya dharura kwa njia ya kawaida, simu yako inaongea na mnara ulio karibu. Mnara uko mahali, haujihami, kwa hiyo simu inapelekwa kwa wanaohusika na eneo lile, na hata ukikata kauli katikati, angalau pana mnara wa kuanzia kukutafuta. Simu ya intaneti haijui mambo ya minara. Na hizi eSIM za wasafiri nyingi zinapitisha intaneti yako kwenye nchi nyingine kwanza ndipo zikutoe duniani. Wewe umekaa Matema unakula mbasa, mtandao unakuona uko Ulaya. Ukiongeza na VPN, ambayo siku hizi kila mtu mjini anayo na tunajua kwa nini, basi hata wewe mwenyewe hujui uko wapi.

Msidhani ni ushamba wa Kibongo huu. Wenzetu waliotangulia waliumia. Mwaka 2005 kule Houston, Marekani, majambazi waliingia kwenye nyumba ya familia moja. Binti wa miaka 17 akakimbilia simu ya intaneti ya nyumbani, akapiga 911, akajibiwa na sauti iliyorekodiwa kwamba hawezi kupata huduma hiyo kwenye laini ile. Wazazi wake wote wawili walipigwa risasi. Bahati walipona. Mwaka huo huo mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikazilazimisha kampuni za simu za intaneti zinazounganishwa na simu za kawaida zifikishe 911, na mteja awe ameandikisha anuani yake.

Anuani sasa. Ndiyo iliyoua mtoto Canada. Mwaka 2008, familia moja iliyokuwa imehamia Calgary kutoka Ontario ilihama na simu yake ya intaneti, maana raha yake ndiyo hiyo, unaihamisha kama redio. Mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu akazidiwa, wakapiga 911. Ambulensi ikatumwa mbio. Ikaenda Ontario, kwenye nyumba waliyohama, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka alipokuwa mtoto. Walisubiri, wakasubiri, mwisho wakapiga tena kwa simu ya jirani. Mtoto hakupona. Hiyo ni Canada, ndugu zangu, yenye ambulensi kila kona. Gari lilikuwepo, dereva alikuwepo, na simu ilipokelewa. Kilichokosekana ni simu kujua mtu yuko wapi.

Kwa hiyo nikisoma komenti "tatizo ni Kyela" nachoka.

Tatizo lililopo Kyela nalijua vizuri kuliko nyie, na ni tofauti kidogo na mnalosema. Ukikaa Kasumulu au huko chini Mto Songwe unapoingia ziwani, simu yako inaweza kunasa mnara wa Malawi bila wewe kuvuka mpaka. Tunazijua zile meseji za "karibu Malawi" ukiwa umekaa zako nyumbani kwa shangazi unamenya ndizi. Simu ya dharura inafuata mnara uliokushika, haifuati moyo wako wala kitambulisho chako cha taifa. Ukipiga ukiwa umeshikwa na mnara wa ng'ambo, usishangae ukipokelewa Kichewa. Watu wa pale wanajua, wanaingia kwenye mipangilio ya simu na kuchagua mtandao wenyewe. Mgeni hajui. Na ukipanda mtumbwi kutoka Matema kwenda Ikombe kuangalia akina mama wa Kikisi wanavyofinyanga vyungu, halafu ukanogewa ukasonga mbele upande wa Lumbila, ile milima ya Livingstone imesimama wima mpaka majini, mnara unapotea na kurudi kadiri mwamba unavyojikunja. Huko hakuna cha WhatsApp wala cha 112. Huko unamwamini mwenye mtumbwi, na unamwuliza upepo kabla ya kupanda, si baada.

Lakini Matema yenyewe? Lami kutoka Kikusya kupitia Ipinda imefika, kama kilomita 40. Hospitali ipo hapo hapo Matema, ya kanisa, miaka mingi. Staa wetu alikuwa mwendo wa dakika chache kutoka kwa daktari, na yeye anaongea na London.

Sasa nawasikia wale wa team yake: "Hata angepiga 112 nani angepokea?" Swali halali, silikwepi. Sitawaapia kwamba kila ukipiga, kila usiku, kila kona ya nchi hii, mtu atapokea mara ya kwanza. Ila kuna tofauti kati ya huduma kukuangusha na wewe kutoipigia kabisa. Pale alipokaa, angetoka kwenye WhatsApp, akafungua kile kibodi cha kawaida cha kupigia, akabonyeza 112, simu ingejaribu mnara wowote uliopo, hata wa kampuni ambayo hana laini yake. Simu zimetengenezwa hivyo. Yale maandishi ya "Simu za dharura tu" tunayoyadharau maana yake ndiyo hiyo. Kuna nchi zinazuia simu isiyo na laini kabisa, sawa, lakini kujaribu ni bure.

Na niwaambie namba nyingine ambayo naona wanaume wengi hawaijui, 115. Ule mfumo wa m-mama, wa kusafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wakipata dharura. Ulianzia Sengerema na Shinyanga, mwaka 2022 ukazinduliwa kwa ajili ya nchi nzima. Uzuri wake ni kwamba haukusubiri kila kijiji kipate ambulensi. Ukipiga, bila malipo, anayepokea anakuuliza maswali, akiona ni dharura anatafuta gari lililo karibu, na kama ambulensi iko mbali anamwita dereva wa kawaida wa eneo lile aliyeandikishwa, analipwa kwa simu. Yaani unaweza kubebwa na yule yule dereva wa Noah unayemjua kijiweni. Wake zetu na dada zetu wa Mwaya na Ngonga, ambao mvua za masika zikishuka mafuriko yanawakatia njia, hiyo namba ina maana kubwa kuliko posti zote za mwaka. Lakini haipigwi kwa WhatsApp. Ni simu ya kawaida, hata ya kitochi, hata bila salio. Zimamoto na uokoaji ni 114, hiyo nayo hivyo hivyo.

Kinachonikera ni tabia tuliyoingia sisi wote, si staa peke yake. Tumezoea kununua bando la intaneti tu, dakika za kawaida tunaona za wazee. Mimi mwenyewe mwezi uliopita nilikuwa na GB tele na siwezi kumpigia fundi bomba. Halafu intaneti yenyewe tunajua inavyotufanya. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, Tanzania nzima ilikaa inaangalia kile kiduara kinachozunguka. Oktoba 29 mwaka 2025 ikazimwa siku kadhaa, na kila mtu anakumbuka alikuwa wapi. Siku kama hizo ndipo mtu anagundua namba ya mama yake haijui kichwani, na salio la kumpigia hana.

Lawama nyingine nazipeleka kwa wenye nyumba za wageni, na hapa nawasema hata wa kwetu. Chumba kimebandikwa karatasi ukutani: neno la siri la WiFi, saa za chai, usilete mgeni bila kujiandikisha, taulo likipotea unalipa. Namba ya zahanati hakuna. Namba ya hospitali hakuna. Namba ya mwenyekiti wa kitongoji au dereva anayeamka usiku hakuna. Mgeni akitoka nje saa nane usiku haoni hata kibao cha kumwambia yuko sehemu gani ya Matema, upande wa hospitali au upande wa Lyulilo kwenye soko la vyungu. Maana hata ukibahatika kupokelewa 112, swali la kwanza ni uko wapi, na "niko Matema beach pale pazuri" haimsaidii mtu anayeendesha gari gizani. Kutuma ramani kwa WhatsApp huwezi, yule wa 112 hana WhatsApp yako. Unatakiwa useme kwa mdomo: kijiji gani, jengo gani, mti gani, nani anajulikana hapo. Wenyeji tunajua kusema hivyo tangu utotoni. Mgeni anahitaji kuandikiwa, na karatasi ya A4 si ghali.

Na mamlaka nazo, mnaturushia meseji za promosheni kumi kwa siku. Moja ya kumwambia mgeni anayeshuka Songwe au anayegonga muhuri Kasumulu kwamba dharura ni 112 ingewagharimu nini?

Sasa nimalizie ilivyoishia, maana video haikuonyesha.

Mlinzi wa pale walipofikia, mzee wa makamo, alikuwa kamsikia anavyolia, akadhani wanarekodi filamu. Si kosa lake, mchana kutwa walikuwa wanarekodi. Alipoona yule mdogo mtu amekaa chini ameinama mbele, mabega yanapanda, akasogea na tochi.

"Shikamoo babu, tusaidie."

"Marahaba mwanangu. Huyu ana pumu?"

"Ndiyo babu. Napiga simu hakuna anayekuja."

"Umempigia nani?"

Akataja. Meneja, Dar. Rafiki, Dar. Dada, London.

"Sasa binti yangu, huyo wa London atafika saa ngapi?"

Mzee akatoa kitochi chake mfukoni, kile chenye mpira kiunoni, akapiga simu mbili. Ya kwanza kwa kijana mmoja mwenye Noah anayelala si mbali, ya pili kwa muuguzi anayemfahamu hospitali, kwamba kuna mgonjwa wa kifua anakuja, waandae hewa. Wote walipokea. Gari lilifika kabla mzee hajamaliza kumfunika mgonjwa kwa khanga. Tangu kifua kibane mpaka mzee atoe kitochi ilikuwa imepita karibu saa nzima, kutoka kitochi mpaka kitanda cha hospitali haikufika robo saa. Mdogo mtu alilazwa siku mbili, yuko salama, juzi kaonekana Mbeya mjini anakula chipsi.

Ndiyo maana nasema staa afute ile video. Si kwa sababu alikuwa muongo, aliogopa, na mtu akiogopa anashika kile anachokijua. Aifute kwa sababu watu maelfu wameiona na kilichobaki vichwani mwao ni kwamba ukipata shida Kyela hakuna wa kukusaidia, wakati yule aliyemsaidia alikuwa kasimama hatua ishirini nyuma ya kamera. Au akishindwa kufuta, aongeze nyingine ya pili, aseme ukweli wa ile eSIM. Ana wafuasi wengi kuliko gazeti lolote nchini. Angesema tu "jamani mimi sikupiga 112, nilipiga WhatsApp", angesaidia watu wengi kuliko mimi na mabango yote ya barabarani.

Nilimpigia yule mzee juzi, ndaga fijo kwake kwa kunipokea. Nikamwuliza kama staa alimshukuru. Akasema ndiyo, alimpa elfu hamsini, na asubuhi alirudi kuomba namba yake ya WhatsApp.

"Nikamwambia sina."